Ugwe wa Sadallah

Salale,
20 Machi 1994

Kwa Mama mkubwa Mwanaidi,

Shikamoo, na baba mkubwa Bushiri mfikishie shikamoo yake. Idd imepita juma moja na gauni langu jipya bado linanuka duka. Baba alilinunua kwa wale wanunuzi wa kamba wanaokuja na masanduku ya barafu. Siku hizi wanaleta na mitumba, na sabuni za kila rangi. Gauni linanipwaya. Mama alisema litanifaa mwakani, kwa hiyo nalivaa sasa na mwakani pia. Mvua zimeanza, maji yamepanda mpaka kwenye mizizi ya mikoko mbele ya nyumba. Kicheche amemla kuku wetu mweupe. Baba amekwenda kupiga kambi ya dago upande wa Kiongoroni na wavuvi wenzake, na hatujui atarudi lini.

Sadallah hajambo. Hujamwona tangu alipokuwa mdogo wa kubebwa mgongoni, kwa hiyo nakueleza alivyo sasa. Ana miaka kumi na mmoja na amekuwa mrefu. Miguu haimchukui na maneno hayatoki, lakini anacheka kwa sauti kubwa na anaelewa mengi kuliko watu wanavyodhani. Akitaka kitu anagonga ukuta kwa kifundo cha kidole. Mama akisikia huacha chochote alicho nacho mkononi. Siku ya Idd jirani alianza kutwanga, mama akadhani ni Sadallah anagonga. Akaacha birika linamwagika, akakimbia ndani, akamkuta amelala. Mimi nilicheka. Yeye hakucheka.

Mwalimu Kondo, anayetufundisha Kiswahili, husema barua njema haizunguki sana kabla ya kutaja inachotaka. Basi nataja: nataka mama apumzike.

Kabla ya mwezi wa Ramadhani alikuja mgeni kwa boti, mama mmoja wa chama cha wazazi wa watoto kama Sadallah huko Dar es Salaam. Alikutana na akina mama shuleni. Alisema hali ya Sadallah inaitwa mtindio wa ubongo, na kwamba haikuletwa na kosa la mtu yeyote. Halafu akasema jambo ambalo sikuwahi kulisikia. Alisema Dar kuna nyumba ambako familia humpeleka mtoto kwa juma moja. Mtoto anatunzwa na kuchezeshwa, anaona watu wapya, na huku nyumbani wazazi wanalala, wanatembea, wanakwenda arusini. Mama akanyosha mkono, akauliza, “Na huyo atakayemwangalia mwanangu, yeye anaangaliwa na nani?” Watu wakacheka, mgeni naye akacheka, lakini mama hakuwa anatania.

Tangu Sadallah awe mzito mama hajavuka mto. Arusi ya dada yangu, mwanao, unakumbuka hakuja, alituma mkeka. Sasa mgongo unamuuma, na akitaka kuinuka hushika ukuta. Mwaka huu nafanya mtihani wa darasa la saba. Nikichaguliwa sekondari nitakwenda kukaa bweni, nasi ndio wawili tunaomwinua Sadallah. Nani atashika upande wangu? Mama sijamwambia kwamba nafikiria hivyo. Tafadhali usimwambie.

Dar ni mbali na hatuna mtu kule. Je, wewe unajua namna nyingine?

Mimi mwanao,
Muzdalifa Amri


Mtunda,
3 Aprili 1994

Mwanangu Muzdalifa,

Marahaba. Baba yako mkubwa naye anasema marahaba, ingawa nilipomsomea barua yako alikuwa anakoroma. Nimemjibia. Mwandiko wangu mie niliupata katika darasa la watu wazima, nilikwenda na mwanangu mgongoni, basi usinisahihishe kwa wino mwekundu. Na huyo Mwalimu Kondo mwambie mie nitazunguka, ndivyo nilivyolelewa.

Sisi wazima. Mbuzi kazaa pacha. Jirani kanunua redio kubwa na kaiweka dirishani, sasa kijiji kizima tunasikiliza anachotaka yeye. Mpunga umesimama vizuri mwaka huu, wallahi, ukiuona utasema umechanwa kwa kitana.

Sasa nikwambie. Weye unamjua mama yako wa ndani ya nyumba. Mie namjua wa mtoni. Tulipokuwa wasichana tulikuwa tunakwenda kutanda uduvi, wanawake na wasichana, tumeshika nguo kila mtu pembe yake, maji kiunoni. Na hatuingii majini mpaka Salima afike. Si kwamba alijua sana kutanda! Alikuwa akianza kumwimba shemeji wa mtu, anachelewa kuinua pembe yake kwa kucheka, uduvi wanatoroka. Tunarudi na nusu kikapu na mbavu zinauma. Bushiri aliponiposa, Salima alimtungia wimbo juu ya miguu yake. Mpaka leo mume wangu hapendi kuvaa kaptura.

Huyo ndiye unayetaka apumzike. Haya.

Mwezi ujao punje zinajaa na ndege wanakuja. Tunahamia shamba kuamia, tunakaa dunguni. Weye mtoto wa shule labda umesahau: ni kibanda juu ya nguzo, unaona mpunga wote mpaka mwisho. Toka dunguni tunafunga nyugwe kwenda kila pembe ya shamba, na kwenye nyugwe tunaning'iniza makopo. Aliyeko juu akivuta, shamba zima linalia na ndege wanaruka kama moshi. Hiyo ni kazi ya mtu aliyekaa. Mwanangu Sadallah ana mikono? Basi mlete. Na nisikilize vizuri: aje mtoto, Salima abaki. Hiyo nyumba ya Dar ina vitanda, mie nina nguzo nne na upepo.

Atapandaje usiulize, hilo ni la Bushiri.

Mama yako usimtajie mapumziko. Mwambie dada yake anataka mtu wa kuamia ndege. Na lile lako la bweni limekaa kwangu.

Mama yako mkubwa,
Mwanaidi


Salale,
1 Mei 1994

Mama mkubwa,

Shikamoo. Usinikasirikie kwa kuchelewa. Barua yako ilikaa chini ya mkeka wa mama, na mkeka ulikuwa umekaliwa na mama.

Nilimsomea nikaruka yale ya mtoni na yale ya kuficha. Alisikiliza huku anamlisha Sadallah.

“Dada anataka mtu wa kuamia ndege?”

“Ndiyo, mama.”

“Watoto wa Mtunda wamekwenda wapi?”

“Wako shule.”

“Na shemeji Bushiri?”

“Anakoroma.”

Alitaka kucheka, akajizuia. “Muzdalifa, mie si mjinga. Mtu wa Mtunda akitaka mtu wa ndege hatumi barua Salale. Huyu mtoto hajalala nje ya nyumba hii hata mara moja. Ilete hapa.” Akaichukua, akaikalia.

Nilidhani ndio mwisho.

Alhamisi iliyopita tulikuwa tunamtoa Sadallah mahali pa kuogea. Matope yalikuwa yanateleza. Mama alipomwinua, mgongo ulikaza, akashindwa kwenda mbele wala nyuma. Akamshusha taratibu, akakaa naye palepale matopeni. Sadallah akadhani ni mchezo, akacheka sana, akapiga matope kwa kiganja. Mama naye akacheka. Yaliyofuata baada ya kicheko sitayaandika.

Baba alirudi kutoka dago jioni ileile, akatukuta bado tumekaa. Alimwinua Sadallah akampeleka ndani, nikamfuata nikamweleza habari ya barua, naye akarudi akamwinua mama. Halafu akasema, “Muzdalifa kaniambia habari ya barua. Salima, mtoto atakwenda kuamia ndege.”

Mama akasema, “Ndege wakiisha anarudi.”

“Anarudi.”

“Siku hiyohiyo.”

“Siku hiyohiyo, mama Muzdalifa, hata kama ndege mmoja amebaki.”

Baba atamleta mwenyewe Ijumaa baada ya sala, kwa mtumbwi wa Husseini unaopandisha dagaa. Pamoja na barua hii nimeweka karatasi ya maelekezo. Mama alitamka na mimi nikaandika: uji uwe mwepesi na vuguvugu, asilishwe akiwa amelala chali, aambiwe kabla ya kuinuliwa, hapendi kushtukizwa, akikaza mwili na macho yakipanda juu, alazwe ubavu, asitiwe kitu kinywani, mngoje naye mpaka irudi pumzi yake. Nimejaza pande mbili. Nilimuuliza kama yamekwisha, akasema yamekwisha.

Mwanao,
Muzdalifa


Mtunda,
15 Mei 1994

Muzdalifa mwanangu,

Marahaba, na salamu kwa wote. Mpunga mzuri, mbuzi wazuri, redio ya jirani imeharibika na tumemshukuru Mungu. Leo sizunguki.

Mchana huyu mtoto ni mfalme. Bushiri alifunga kiti cha kamba, akapitisha kamba juu ya boriti ili ampandishe kama chungu cha maji. Kiti kikazunguka. Mie nikapiga kelele, baba yako akapiga kelele, Sadallah kafika juu kizunguzungu tupu, anacheka mpaka mate yanamtoka. Kushushwa, hataki. Ilibidi apandishwe tena. Sasa kila asubuhi kiti lazima kizungushwe kwanza. Akishakaa tunampa ugwe mkononi, na alivyojifunza sikumfundisha mie: anawaacha ndege watue, watulie kabisa, waanze kula, halafu anavuta. Anawavizia! Makopo yanalia, ndege wanaruka, yeye anaanguka upande kwa kicheko.

Lakini halali usiku. Tangu afike hajalala. Analia polepole, kama mtu anayeomba kitu, mpaka alfajiri. Mchana anasinzia ugwe mkononi na ndege wanakula. Nimemwimbia, nimempaka mafuta, nimembeba mpaka mikono imekufa ganzi. Nimeisoma karatasi ya mama yako pande zote mbili, nikaigeuza tena. Hakuna hata neno moja juu ya kulala. Salima huyuhuyu aliyeandikisha joto la uji.

Muulize kasahau nini. Husseini analeta barua hii na atageuka na maji ya kupanda, mpe jibu aje nalo. Jibu lisipokuja namrudisha mtoto kwa safari hiyo inayofuata. Mie sitaki, na Bushiri hataki, lakini mtoto wa watu siwezi kumkondesha kwa kumlilia mama yake.

Mwanaidi


Salale,
18 Mei 1994

Mama mkubwa,

Shikamoo. Husseini anakula kwa jirani, maji yakianza kupanda ataondoka, kwa hiyo naandika haraka na mwandiko utanisamehe. Baba alirudi salama. Ametuambia baba mkubwa alisema dungu lake si shule ya vidudu, na kwamba siku ya kwanza alikaa kando akawatazama vibaya. Wewe hukuandika hilo.

Kwanza nikwambie mama alivyokuwa tangu Sadallah aondoke. Hakupumzika. Alifua nguo za Sadallah zilizokwisha kufuliwa. Alifagia chumba chake asubuhi na mchana. Mtu akitwanga, anainuka, halafu anakumbuka, anakaa. Wanawake walimpitia kwenda kutanda, akafika nao mpaka kwenye matope ya ukingo, akasema nguo yake imetoboka, akarudi. Nguo haikutoboka. Niliitazama.

Leo nimemsomea barua yako yote bila kuruka. Alikuwa anapeta mchele mlangoni.

“Halali?” akauliza.

“Halali.”

“Basi amrudishe.”

Sauti yake haikuwa ya huzuni, mama mkubwa. Ilikuwa karibu na furaha. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba hakusahau, maana mimi nilijua neno moja limekosekana tangu siku ile tulipoandika karatasi. Nilingoja alitaje, hakulitaja, akasema yamekwisha, nami nikanyamaza.

Nikamwambia, “Mama, kuna kitu hukukitaja.”

“Nilitaja vyote.” Ungo ukaendelea.

“Mguu.”

Ungo ukasimama. Kuku walikuja kula zilizomwagika na hakuwafukuza. Halafu akasema kwa sauti ya chini, “Uji mtu yeyote anapika. Kumwinua mtu yeyote anamwinua, baba yako kamwinua kwa mkono mmoja. Huo mguu ndio peke yake ulio wangu. Nikiutoa na huo, Muzdalifa, mie nitabaki na nini?”

Nilikaa karibu yake tu, nikaanza kuchambua mawe kwenye mchele.

Akauliza, “Analia kweli?”

“Mama mkubwa anasema analia kama anayeomba kitu.”

“Mpaka saa ngapi?”

“Mpaka alfajiri.”

Mama akaweka ungo chini. “Lete kalamu,” akasema. “Andika ninavyosema, usipambe.”

Basi haya ni maneno yake:

Dada, ni mguu wa kushoto. Si vidole, ni kisigino. Kishike kama umeshika yai, usikaze na usilegeze. Usimwimbie, akiimbiwa anadhani ni mchana. Ngoja mpaka pumzi yake iwe ndefu, halafu ngoja tena kidogo, ndipo uachie. Ukiachia mapema ataamka na itabidi kuanza upya. Mie mara nyingi nilikuwa siachii, naegemea ukuta tunakucha hivyohivyo. Wewe usifanye hivyo, utaumia mgongo.

Alitaka kuendelea, akafungua kinywa, akakifunga. “Basi,” akasema. “Mwambie ni hivyo tu.”

Husseini anaita.

Muzdalifa


Mtunda,
12 Juni 1994

Mwanangu,

Marahaba, marahaba. Kalala!

Usiku ule barua ilipofika nilishika kisigino mie. Nikangoja pumzi iwe ndefu, na kweli ikawa ndefu, lakini ilikuwa yangu. Nikasinzia kabla yake. Bushiri akanisukuma: “Ondoka, mwanamke, umelala kazini.” Akakaa yeye. Alfajiri nawakuta wote wawili wanakoroma, mzee kaegemea nguzo, kisigino kimetulia kiganjani kwake kama yai, ndivyo mama yako alivyosema. Tangu siku ile hakuna ruhusa ya mtu mwingine kumlaza. Mchana anakaa naye dunguni, wanawavizia ndege pamoja. Nikimkumbusha habari ya shule ya vidudu anakohoa. Ndiyo, alisema, na mie sikukuandikia. Nilijua atayameza, kwa nini nipoteze wino?

Sasa sikia jingine. Makopo yetu yalikuwa yamechakaa, nikaenda Kibiti, dukani kwa Walji, kuomba makopo matupu ya rangi na ya maziwa. Mkewe, Jena, akaniuliza, “Makopo mengi hivi ya nini, bibi? Unafungua kiwanda?” Nikamwambia ni ya mwanangu, nikamweleza Sadallah alivyo na anavyocheza na ndege. Akavuta pazia la nyuma ya kaunta. Mwanangu, mie nanunua chumvi duka lile miaka yote na sikujua. Pana binti mle ndani, Shaziya, mtu mzima kwa umbo, kwa akili mtoto mdogo, amekaa anapanga vifungo vya nguo. Jena ananiambia, “Anatoka kwenda hospitali tu. Watu wanamtazama, mimi nachoka kutazamwa.” Nikamwambia ndege wa kwangu hawamtazami mtu.

Jumapili tukasikia gari linaunguruma njiani. Jena na Shaziya, na chapati, na chupa ya achari ya embe iliyomtoa Bushiri machozi. Shaziya kiti kakikataa, kapanda ngazi mwenyewe kwa miguu na mikono. Kufika juu kaukamata ugwe wa Sadallah. Sadallah hakuuachia! Wakavutana, huyu hana maneno, yule ana mawili matatu ya kwao, na ugomvi ukawa mkubwa kuliko wa mahakamani. Makopo yalilia bila kupumzika, ndege wakahamia shamba la jirani. Mwisho wakafahamiana wenyewe, huyu anavuta, yule anapiga makofi.

Na Jena? Nilimtandikia mkeka kivulini chini ya dungu, nikamwambia anyoshe miguu kidogo. Kalala na viatu mguuni mpaka alasiri. Alipoamka alitahayari, anatafuta ushungi wake, ananiomba radhi kama mtu aliyevunja sahani. Anauliza kama Jumapili nyingine wanaweza kuja. Nikamwambia ndege wanakuja kila siku.

Basi umeniuliza kama najua namna nyingine zaidi ya nyumba ya Dar. Sijui kama hii ni namna. Ni shamba la mpunga na watu wawili waliokaa juu yake wanapiga makopo. Lakini naona inafanya kazi.

Mwisho, hili msomee mama yako, usiruke hata neno. Salima, kisigino hukunipa. Umeniazima. Ndege wakiisha nitarudisha vyote viwili, mtoto na kisigino chake, na utanidai usipoviona.

Mwanaidi


Salale,
24 Julai 1994

Kwa Mama mkubwa,

Shikamoo, na shikamoo ya pekee kwa baba mkubwa Bushiri kutoka kwa Sadallah. Sadallah haisemi, lakini nikilitaja jina la baba mkubwa ananyosha kiganja. Gauni langu halinipwayi sana sasa. Mtihani unakaribia na Mwalimu Kondo anatufundisha mpaka jioni. Mchele uliotutumia tumeula, na mama anasema wa Mtunda una harufu nzuri kuliko wetu, lakini usimwambie mtu wa Salale.

Yale maneno ya kuazima nilimsomea mama bila kuruka. Aliniambia niyasome tena, kisha akaingia chumbani kwake akalala. Alilala mchana huo, akaamka akala, akalala tena mpaka jua la kesho yake likaingia mlangoni. Nilipika kimyakimya na baba aliwafukuza kuku wasipige kelele. Siku chache baadaye wanawake walipompitia alichukua nguo yake akaenda. Alirudi amelowa mpaka kichwani. Uduvi walikuwa robo kikapu. Jirani aliyekuwa naye alishika mbavu, akaniambia, “Mama yako huyu mlimficha wapi?” Baada ya hapo alikwenda kila maji yaliporuhusu, na mgongo wake umenyoka. Hashiki tena ukuta.

Sasa nieleze kurudi kwa Sadallah, maana baba aliwaambia amefika salama, lakini hakuwaambia yote. Amekuja mweusi kwa jua na mzito, amejaa mashavu. Mama alimpokea, akamshika kisigino usiku ule, akalala mara moja. Lakini asubuhi alianza kutafuta kitu. Alinyosha mkono hewani, akafunga kiganja, akavuta. Hakuna kilicholia. Akavuta tena. Akamtazama mama, akaanza kulia kama ulivyoandika wewe, kwa kuomba.

Mama alikaa anamtazama. Mimi niliogopa. Niliogopa atasema, mmeona, mmenirudishia mtoto asiyetaka kwao.

“Anatafuta nini?” akaniuliza.

“Ugwe, mama.”

“Ule wa makopo?”

“Ndiyo.”

Akainuka. Alichukua ugwe wa nyavu kuukuu za baba, akanituma nizunguke nyumba kwa nyumba niombe makopo. Baba aliufunga kutoka kwenye nguzo ya baraza, penye mkeka wa Sadallah, mpaka kwenye mti wa mnazi ulio karibu na maji. Makopo tuliyatundika yote, hata la mafuta ya taa. Mama ndiye aliyempa Sadallah ncha mkononi. Alivuta mara moja, yakalia, akamtazama mama usoni, akaanguka upande kwa kicheko. Majirani walitoka kuuliza kuna nini. Sasa wamezoea, kama ninyi mlivyozoea redio.

Watoto wa jirani huja kuvuta naye jioni. Baba akiwa hayuko dago hushona nyavu zake pale barazani, kando ya Sadallah, na mama amemfundisha baba kushika kisigino. Alimfundisha mwenyewe, akamshikisha, akamwambia asikaze. Mwakani mpunga ukijaa Sadallah anarudi Mtunda, mama ameshasema. Ameuliza na Shaziya kama bado anakuja Jumapili.

Lile langu la bweni wewe hukulisema, najua. Lakini juzi tulipokuwa tunamgeuza Sadallah, mama akaniambia bila kuniangalia, “Ukichaguliwa utakwenda. Upande wako atashika baba yako.” Nikasema, “Ndiyo, mama.” Nimekuwa nikisoma vizuri zaidi tangu siku hiyo.

Namalizia na la jana. Ilikuwa Jumamosi, nami nilikwenda kutanda pamoja nao. Baba alibaki barazani. Maji yalikuwa kiunoni, nguo imetandwa, mama ameshika pembe ya mbele na anaimba ule wimbo wa miguu ya baba mkubwa, ameongeza beti za dungu na kisigino. Naona nikwambie mapema, wimbo huo utafika Mtunda. Uduvi walikuwa wameanza kuingia. Ghafla makopo yakalia kutoka nyumbani, kwa nguvu, yakanyamaza, yakalia tena.

Wanawake wote waligeuka wakamtazama mama. Mmoja akasema, “Salima, unaitwa.”

Mama alisikiliza, kichwa amekiinamisha upande. Nilimwona mkono wake unataka kuachia pembe ya nguo. Makopo yakalia mara ya tatu.

“Siitwi,” akasema. “Anacheza. Inueni nguo, jamani, uduvi wanatoroka.”

Mwanao,
Muzdalifa